Bibi Anapanda Milima, Mjukuu Anaogopa Kikao

Barua tatu za ukurasa huu zilinifikia kwa nyakati tofauti, lakini zote zinamhusu bibi, na zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali. Nimeona niziweke pamoja.

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 27. Bibi yangu mzaa mama ana miaka 70 na hakuna anayeweza kumkalisha. Alijifunza kuogelea baada ya kustaafu, akiwa na miaka 62. Anasafiri peke yake, anapanda milima na watu wa umri wa watoto wake, na mwaka jana alishuka mto kwa kayaki. Nikimtazama najiuliza damu yake ilinipitia wapi. Mimi nikiwa kwenye kikao kazini na nina jambo la kusema, moyo unaanza kunidunda. Natunga sentensi kichwani, naipanga, naipangua, na hadi niwe tayari mada imeshapita. Juzi ilitangazwa nafasi ya kupanda cheo. Sikuomba, kwa sababu kulikuwa na usaili mbele ya jopo.

Mjomba hupenda kusema kwamba bibi alichukua ujasiri wote wa ukoo, sisi akatuachia mabaki. Sasa bibi amenialika twende mlimani siku tatu, tulale kwenye hema. Amesema, "Twende, utaona mwenyewe." Sijamjibu. Naogopa kwenda, na naogopa zaidi kumwambia kwamba naogopa. Ujasiri unafundishika, au mtu huzaliwa nao? Na mtu anajifunza nini kwa bibi ambaye yeye mwenyewe haogopi chochote?

*Mjukuu wa Nyuma*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na sentensi yako ya mwisho, maana hapo ndipo ulipojifungia mlango. Unasema bibi yako haogopi chochote. Nani amekwambia? Nimeisoma barua yako mara kadhaa na sijaona mahali ulipomuuliza. Umeona picha za kileleni, umesikia habari za mto na kayaki, ukahitimisha mwenyewe.

Mimi nililelewa na bibi wa aina hiyo. Akisikia kuna mahali hajafika, hatulii. Watu walimwita jasiri, nami niliamini kama walivyoamini wao, mpaka siku tulipovuka mto uliofurika tukiwa tumekaa bega kwa bega kwenye mtumbwi. Upepo ulikuwa umeanza na maji yanarukia ndani. Bibi alikuwa ananisimulia habari za ndugu tuliokuwa tunakwenda kuwatembelea, kwa sauti ileile ya kila siku, bila kukatiza. Nikashusha macho. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa mtumbwi, vidole vimekaza hadi kucha zimekuwa nyeupe. Nikamtazama usoni, nikautazama tena mkono. Tulipofika ng'ambo nikamuuliza kama aliogopa. Akajibu, "Sana. Mimi sijui kuogelea." Halafu akaniambia nishike mzigo, tumechelewa.

Jibu lile limenisaidia kuliko mawaidha yote niliyopewa baadaye, na sababu yake inajulikana. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Donald Meichenbaum aliwachukua watu wanaoogopa nyoka akawaonyesha filamu za watu wengine wakimkaribia nyoka na kumshika. Katika baadhi ya filamu mtu alionekana mtulivu tangu mwanzo hadi mwisho. Katika nyingine alianza kwa hofu, akasita, akavuta pumzi, kisha akaendelea hadi akaweza. Waliotazama huyu wa pili ndio waliopiga hatua kubwa zaidi walipokutana na nyoka wenyewe. Mtu anayeonekana haogopi unaweza kumshangilia, lakini huoni aliingilia wapi, kwa hiyo hujui wewe uingilie wapi. Bibi yako unamtazama kwa namna hiyo. Umemweka juu mno kiasi kwamba hawezi tena kukufaa.

Swali lako la kuzaliwa au kufundishika lina majibu mawili na yote ni ya kweli. Wepesi wa kushtuka, mtu anaweza kuzaliwa nao. Kuna watoto wachanga wanaoruka kwa kila mlio na kuna wengine hawageuzi hata kichwa. Lakini kulifanya jambo huku umeshtuka, hilo hujifunzwa. Albert Bandura, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Stanford, aliandika mwaka 1977 kwamba imani ya mtu kuwa "hili naliweza" hutoka sehemu nne: kulifanya mwenyewe ukafaulu, kumwona mtu mwingine akilifanya, kutiwa moyo kwa maneno, na namna unavyousoma mwili wako unapotetemeka. Ya kwanza ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Ya pili hufanya kazi zaidi pale unapoona kwamba mtu yule anafanana na wewe. Ndiyo maana kauli ya mjomba wako inanikera, hata kama ni utani. Kila anapoirudia anakuambia kwamba wewe na bibi hamfanani, na anakunyang'anya mfano ulio karibu nawe kuliko mwingine wowote duniani.

Nikupe bibi mwingine ambaye habari zake ziko wazi. Emma Gatewood, Mmarekani, alizaliwa mwaka 1887 na alikuwa mama wa watoto 11. Alivumilia miaka mingi ya kipigo kutoka kwa mumewe kabla ndoa ile haijavunjika. Mwaka 1955, akiwa na miaka 67 na tayari ana wajukuu, alitembea peke yake njia yote ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,200 za misitu na milima kutoka jimbo la Georgia hadi Maine. Akawa mwanamke wa kwanza kuimaliza peke yake kwa msimu mmoja. Alivaa raba za kawaida za kitambaa, mzigo wake aliubeba kwenye mfuko aliojishonea, na pazia la plastiki la bafuni ndilo lililomkinga na mvua. Watu wakimtaja hutaja raba na pazia, nami naelewa, maana ni habari tamu. Ila mimi napenda mwaka uliotangulia. Mwaka 1954 alijaribu kuanzia upande wa Maine. Akapotea msituni, miwani yake ikavunjika, na walinzi wa msitu waliompata wakamshauri arudi nyumbani. Akarudi. Mwaka uliofuata akaanzia upande wa pili.

Bibi yako naye ana mwaka wake wa 1954. Sijui ni upi, lakini nina hakika anao. Mtu aliyejifunza kuogelea na miaka 62 hakuingia kwenye maji marefu siku ya kwanza. Kuna siku alisimama pale penye kina kifupi, maji yakiwa kiunoni, ameshika ukuta, watoto wadogo wanapiga mbizi pembeni yake, na uso hautaki kuingia majini. Muulize habari za siku hiyo.

Kwa hiyo nenda mlimani, lakini nenda na kazi ya kufanya. Mwombe ulale kwake usiku wa kuamkia safari, ukae naye wakati anafunga mkoba. Usimsaidie haraka haraka. Mtazame. Utaona soksi kavu zikiingizwa kwenye mfuko wa plastiki na kufungwa fundo. Utaona koti la mvua likiwekwa juu kabisa ili lisitafutwe mvua ikiwa imeshaanza. Kuna tochi ya kichwani, na betri za akiba zimewekwa mbali na tochi. Viatu si vipya. Amevitembelea majuma kadhaa kabla ya safari ili malengelenge yamtokee akiwa nyumbani kuliko kumtokea njiani. Kuna karatasi anamwachia mtu: tunapita njia hii, tunarudi siku hii, tusipoonekana hadi saa fulani piga simu. Kila kitu anachokigusa muulize, "Hiki cha nini, bibi?" Atakujibu, na utagundua kwamba kila kilichomo kwenye mkoba ule kina hofu yake. Aliwahi kuogopa baridi, giza, kupotea, kuumia mguu. Hakuzifukuza hofu hizo. Alikaa nazo chini, moja baada ya nyingine, akaitafutia kila moja jibu lake.

Muulize pia saa ya kugeuka. Wapanda milima makini huipanga kabla hawajaondoka: ikifika saa nane mchana, tuwe tumefika kileleni au hatujafika, tunageuza. Saa hiyo hupangwa asubuhi akili ikiwa imetulia, kwa kuwa ukishakiona kilele kwa macho, miguu haitaki kusikia habari za kurudi. Muulize ni mara gani aligeuka na kilele anakiona. Wazee waliosema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, walijua kuna ushujaa wa kijinga unaowaliza waliobaki nyumbani. Bibi yako hajafika miaka 70 kwa ushujaa wa namna hiyo.

Na jambo moja la lazima. Mkipita kimo cha mita 2,500 hivi, mwili unaweza kupata ugonjwa wa mwinuko: kuumwa kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida. Mwenye dalili hizo hapandi zaidi mpaka zimwishe, na zikizidi anashuka, hata kama ni usiku. Wewe ambaye hukohoi kwenye kikao, nina wasiwasi utanyamaza na kichwa chako ili usimharibie bibi safari. Usinyamaze. Mwambie mara tu kinapoanza. Huko mlimani, hilo ndilo zoezi lenyewe la kile kinachokushinda kazini: kusema jambo lisilopendeza, kwa sauti, kwa wakati wake, mbele ya mtu unayemheshimu.

Ukirudi, tusikiache kikao. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mary Cover Jones aliandika habari za mtoto mdogo aliyemwita Peter, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu na alikuwa anaogopa sungura kupita kiasi. Hakumlazimisha. Sungura aliletwa mbali, ndani ya kizimba, wakati mtoto anakula chakula anachokipenda. Siku nyingine akasogezwa kidogo. Mara nyingine waliletwa watoto wenzake wasioogopa wakacheza naye hapohapo. Mwishowe Peter alimshika sungura mwenyewe. Jopo la usaili ni sungura wako, mwanangu, na wewe umetaka kumkumbatia siku ya kwanza, ukashindwa, ukajiita mwoga. Msogeze kidogo kidogo. Kikao kijacho andika swali moja kwenye karatasi, fupi, na uliulize mwanzoni kabisa kabla moyo haujapata nafasi ya kukusimulia mambo yake. Swali tu, sio hoja. Vikao vinavyofuata fanya hivyohivyo mpaka lisikunyime tena usingizi. Kisha jitolee kusoma taarifa fupi iliyoandikwa. Kisha toa maoni yasiyoandikwa. Nafasi ikitangazwa tena, omba, na mwite bibi akae mbele yako akuhoji kama jopo. Atakuwa mkali, na itakufaa.

Lakini kwanza mjibu. Mwambie: "Nitakuja, bibi, na naogopa." Maneno hayo manne, kama ulivyoyasoma. Usiyapambe.

Shangazi,

Mama yangu ana miaka 66 na mwanangu wa kiume ana miaka 9. Kila likizo bibi yake anamchukua. Wamepanda miti, wamewasha moto na kulala nje, na sasa wanataka kwenda kupiga makasia ziwani. Mtoto anarudi na magoti yaliyochubuka na furaha ambayo kwangu simwoni nayo. Mume wangu anasema tuwaache. Mimi silali. Nikatae?

*Mama wa Mmoja*

Dada yangu, usikatae. Weka masharti, na masharti hayo yawe ya maji kuliko ya miti.

Goti lililochubuka ni ada ndogo ya elimu kubwa. Mtafiti wa Norway, Ellen Sandseter, alipowachunguza watoto wakicheza aliona wanatafuta wenyewe michezo yenye hatari kiasi: kupanda juu, kwenda mbio, kushika vifaa vikali, kukaribia moto na maji, kupigana mieleka, na kwenda peke yao mbali na macho ya wakubwa. Mtoto anayepanda mti anapima tawi kwa mguu kabla hajalikanyaga. Hakuna mtu anayeweza kumpimia.

Maji ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Maji hayatoi nafasi ya kujifunza kwa kukosea. Bibi yangu niliyemtaja hapo juu alivuka bila kujua kuogelea na bila jaketi la kujiokolea, kwa kuwa hatukuwa na chaguo lingine. Ninyi mnalo. Jaketi la mtoto liwe la uzito wake, lifungwe vifungo vyote, na ulijaribu kabla hawajaondoka: ashike mikono juu, wewe uvute mabegani kwenda juu. Likipanda hadi kidevuni au masikioni ni kubwa, halifai. Na bibi avae lake. Bibi asiyevaa hawezi kumfundisha mjukuu kuvaa. Muulize kama mtoto anajua kuelea, kama kuna mtu mwingine ufukoni, na watafanya nini mtumbwi ukipinduka. Akikujibu bila kufikiri sana, maana yake ameshafikiri. Akikwepa, safari ingoje.

Yaseme hayo mbali na mtoto. Mwaka 1985 mtafiti James Sorce na wenzake waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya meza ya kioo iliyoonekana kama ina shimo upande mmoja, mama akisimama ng'ambo. Mama alipoonyesha uso wa furaha, wengi walivuka. Alipoonyesha uso wa hofu hakuvuka hata mmoja. Mwanao ana miaka 9 na bado anausoma uso wako pale mlangoni anapoaga. Hofu yako niletee mimi kwa barua, au mume wako, au mama yako mwenyewe. Yeye mwangalie vifungo vya jaketi, umwambie aende.

Shangazi, shikamoo.

Bibi yangu alizunguka nchi nyingi kwa pikipiki enzi zake, wakati wanawake wachache sana walifanya hivyo. Sasa ana miaka 84, magoti yamekataa, na siku nzima yuko kitini. Mimi nilikuwa mdogo, sikuwahi kusafiri naye. Nimechelewa kujifunza kwake?

*Niliyebaki Nyuma*

Marahaba, mwanangu. Pikipiki umechelewa. Bibi bado yupo, na anaongea.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Emory, Marshall Duke na Robyn Fivush, walitunga maswali 20 ya kupima kama mtoto anaijua historia ya familia yake: wazazi walikutanaje, nani alipatwa na jambo zito, babu na bibi walikulia wapi. Waliojua zaidi walionekana kujithamini zaidi na kuamini kwamba wana usukani wa maisha yao. Na hadithi iliyojenga zaidi ilikuwa ile yenye kupanda na kushuka, tuliinuka, tukaanguka, tukainuka tena.

Hivyo usimwombe akusimulie ushindi. Huo ameshausimulia mara nyingi na umelainika kwa kusimuliwa. Muulize pikipiki iliharibika wapi na alilala wapi usiku huo. Nani alimkataza, na alimjibu nini. Ni barabara gani aliiona akageuza. Alijuaje kumwamini mgeni fulani na kutomwamini mwingine. Aliwahi kulia akiwa amevaa helmeti? Usiulize yote siku moja, atachoka. Akinyamaza, usimjazie maneno. Wazee wengi hunyamaza wakiwa wanafika kwenye jambo lenyewe. Kama kuna ramani ya zamani au picha, mpe mkononi kabla ya kuuliza, kwa sababu mkono hukumbuka kabla ya mdomo.

Mwombe ruhusa umrekodi kwa simu, iweke simu karibu naye mahali pasipo na feni wala redio, na mwanzoni taja tarehe na jina lake kamili. Nakili rekodi mahali pengine siku hiyohiyo. Na kama pikipiki unaipenda kweli, nenda chuo cha udereva, kisha urudi umwonyeshe leseni na umuulize kona za changarawe anazipindaje.